Saa ya Kwenda Kanisani

Walburga alikuwa mwanamke wa kutunza vitu. Kitenge chake cha Misa hakikujua moshi wa jikoni, viatu vyake vizuri vilikaa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kitanda, na sahani za maua alizopewa siku ya harusi zilikuwa bado zinangoja mgeni wa kustahili. Kwa hiyo mwanawe Dastan alipomletea saa ya mkononi kutoka mjini, nyeusi, ya mpira, yenye kioo kinachowaka ukikigusa, mtu yeyote wa Mpitimbi angeweza kukuambia itakaa wapi. Itakaa kabatini, na itatoka Jumapili.

Dastan hakuwa mtu wa Mpitimbi tena. Alikuwa na duka la saruji na mabati kule Bombambili, Songea mjini, ana mke, ana watoto, ana kitambi, na mambo mengi alikuwa ameanza kuyaona kwa macho ya mjini. Alimketisha mama yake kwenye kigoda, akamfunga ile saa, akamweleza kazi yake. Inahesabu hatua. Inasikiliza moyo. Inatuma habari zote kwenye simu. Tena amemwandikisha kwenye darasa la mazoezi ya wazee, linaloendeshwa mtandaoni; mara mbili kwa wiki mtaalamu ataonekana kwenye simu, na mama atafuata anachofanya.

"Mimi nifanye mazoezi?" Walburga aliuliza. Alikuwa ametoka shambani muda huo huo, udongo bado uko visiginoni.

"Mama, jembe siyo mazoezi. Jembe ni kazi."

"Na tofauti yake?"

"Tofauti yake wanaijua madaktari."

Walburga alicheka, lakini hakuivua. Alijua mwanawe anaogopa nini, maana yeye mwenyewe alikuwa anakiogopa hicho hicho. Rupert, mumewe, alianguka katika shamba lile lile wakati wa palizi. Asubuhi alikula vizuri, akamtania mkewe kuhusu uji wenye madonge, akabeba jembe akaenda zake. Kiharusi kilimkuta katikati ya mahindi, na Walburga ndiye aliyemkuta. Habari hiyo mama na mtoto hawakuizungumza. Dastan alileta saa, na Walburga akaipokea, wakawa wamezungumza.

Sasa sikiliza kosa la huyu mama, na kabla hujacheka, jiulize wewe ungefanyaje. Katika maisha yake yote Walburga alikuwa amefungwa mashine moja tu mkononi, ile ya presha ya zahanati. Nesi anakufunga kitambaa, kinabana, kinaachia, anasoma, anakufungua, unaondoka na majibu yako ya mwezi mzima. Hakuna anayeondoka na mashine ya presha kwenda nayo kuokota kuni. Walburga aliona saa na mashine ile ni ndugu. Ukiivaa kidogo inaona kilichomo mwilini, ukishaonwa unaivua. Basi akawa anaivaa jioni akishaoga, ametulia. Anaivaa kwenye darasa. Anaivaa Jumapili kwenda kanisani, na Alhamisi kwenye sala za jumuiya, ambako akina mama wengine waliiangalia kwa jicho la pembeni naye akafurahi moyoni. Alfajiri, wakati wa kwenda shamba, saa ilibaki kabatini juu ya kitenge. Na hata kama angejua vinginevyo, nani huingia kwenye matuta na zawadi ya mwanawe mkononi, ikaharibiwe na udongo?

Darasa lenyewe alilipenda, ingawa asingekiri. Mwalimu wake aliitwa Violet, binti mwenye sauti ya upole ambaye hakuwahi kumkaripia mtu. "Bibi zangu, babu zangu, tunanyanyuka kwenye kiti, polepole. Tunakaa. Tunanyanyuka tena." Walburga, aliyekuwa amepiga jembe tangu jogoo la kwanza, alinyanyuka na kukaa kwa utii kabisa. Jirani yake Getruda alikuja siku moja kuchungulia mlangoni, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mama Dastan, leo unafundishwa kusimama?" Walburga alimwambia anyamaze, yuko shule. Kulikuwa na mzee mmoja wa Lusewa, Tadei, ambaye kila mara alisahau kuzima sauti ya simu yake, na darasa zima likamsikia akigombana na mbuzi. Siku Tadei alipokosekana, wote waliuliza habari zake.

Jambo jingine lazima lisemwe, maana bila hilo hakuna kisa. Dastan alikuwa analitaka shamba. Homa ya parachichi ilikuwa imeingia Songea, kila mwenye kipande cha ardhi alikuwa anaota miche, na Dastan alikuwa anaota kuliko wengi. Alimwomba mama yake mara ya kwanza, akakataa. Akamwomba mara ya pili, mbele ya baba yake mdogo Xaveri, aliyekuwa mkubwa wa ukoo sasa, na Walburga akajibu kwa utulivu, "Shamba hili linanilisha na linanifanya nihesabiwe mtu, mjini na kijijini. Nguvu zangu zikiisha, nitasema mwenyewe, na litakuwa lako. Zikiwa bado zipo, usiniulize tena."

Dastan hakuuliza tena. Alileta saa.

Niseme ukweli, alipoileta hakuwa na nia mbaya, na hilo nalisema si kwa kumtetea. Nia mbaya ilikuja baadaye.

Mwaka ule, mahindi yakiwa yamefika magotini, Dastan alianza kuja kijijini mara kwa mara, na kila akija alifungua simu. Alimwonyesha mama yake vimstari. Vingine vilisimama, lakini vingi vilikuwa vimelala chini kabisa.

"Hivi ni nini?"

"Hivi ni wewe, mama. Hapa ni Jumapili, umejitahidi. Hizi siku nyingine zote, ona. Mwili haupo."

"Lakini mimi najisikia vizuri."

Dastan akasema, kwa sauti ya chini, lile neno ambalo hakuwahi kulisema. "Hata baba alikuwa anajisikia vizuri."

Hapo Walburga alipoteza nguvu za kubisha. Ilikuwa kweli. Rupert alikula, akatania, akabeba jembe. Mwili wake haukumwambia chochote. Ikiwa mwili wa Rupert ulimdanganya yeye, kwa nini wake uwe mkweli? Tangu siku ile akawa analima kwa wasiwasi. Anapiga jembe kidogo, anasimama, anaweka kiganja kifuani. Jasho ambalo zamani lilikuwa jasho tu, sasa aliliona dalili. Alikuwa na mikono iliyolea watoto na kumzika mume, akaacha kuiamini kwa ajili ya vimstari.

Walipomaliza kuvuna alimwita Xaveri. Ilikuwa baada ya Misa, uani kwake, na Getruda alileta togwa. Walikuwepo wazee wachache wa ukoo na Dastan na mkewe Domina. Walburga alisimama mwenyewe, hakutaka kusemewa.

"Nilisema nguvu zangu zikiisha nitasema mwenyewe. Zimeisha. Shamba ni la Dastan."

Xaveri aliweka togwa yake chini. "Shemeji, una hakika? Juzi tu nimekuona umejitwika debe la mahindi kama msichana."

"Saa imeonyesha, shemeji. Sitaki mnikute kule kama nilivyomkuta kaka yako."

Xaveri alimgeukia Dastan. Dastan alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua udongo kwa ncha ya kiatu. Walburga alifikiri ni uchungu. Alimwonea huruma sana mwanawe wakati ule, akamwekea mkono begani, akamwambia asilie, ndiyo uzee.

Akahamia Bombambili, nyumbani kwa Dastan. Alipewa chumba kizuri chenye dirisha la kioo na kiti cha mto kibarazani, na Domina, ambaye hakuwa na hila, alimtunza kama yai. Alikuwa hamruhusu kugusa hata ufagio. Akiinuka kwenda kuosha vyombo, Domina anamrudisha. "Pumzika, mama. Umefanya kazi ya kutosha." Walburga alikaa akihesabu bodaboda zinazopita, akachoka kuhesabu. Saa sasa aliivaa tangu anaamka mpaka anapolala, maana hakukuwa na udongo wa kuichafua, na siku zote huku zilifanana na Jumapili. Alitembea kwenda chooni, kwenda getini, kurudi. Baada ya miezi michache goti la kulia likaanza kukataa kukunjuka asubuhi, na akafikiri, basi saa ilisema kweli, nimekwisha.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha alinusa udongo kutoka kibarazani, akajifanya anapangusa miwani.

Siku hizo hizo Violet alikuja. Mradi wake ulikuwa umepanga kuwatembelea wazee wa mjini majumbani, na Walburga alifurahi kumwona yule binti akiwa mzima mzima, mwenye miguu, maana alikuwa amezoea kumwona kichwa na mabega.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe u mrefu hivi."

Wakacheka. Domina alikuwa sokoni. Violet akapima presha, akaangalia goti, kisha akafungua simu yake, uso ukamchanua. "Bibi, hongera. Tangu uhamie mjini umeendelea vizuri ajabu. Hatua zimepanda, kila siku."

Walburga alidhani anataniwa. "Zimepanda wapi? Huku nakaa, mwanangu. Nakaa kama gunia."

"Lakini angalia." Violet alimwonyesha vimstari. Vilikuwa vimesimama, vifupi lakini vimesimama, kimoja baada ya kingine. "Kule kijijini havikuwepo."

"Kule kijijini nilikuwa nalima. Naamka alfajiri, nafika shamba, narudi na kuni, nachota maji."

"Na saa?"

"Saa iko kabatini. Mtu analima na saa?"

Violet alisogeza kidole kwenye simu, akarudi nyuma mpaka kwenye miezi ya kijijini. Akaeleza polepole, kwa sauti ile ile ya darasani. Saa hii si kama mashine ya presha, bibi. Inahesabu kile tu inachokiona ikiwa mkononi. Ukiivua haijui kama umelala au unavuna. Tena inajua kwamba imevuliwa, kwa sababu haisikii moyo, inaacha pengo. "Kwako kulikuwa na mapengo karibu kila siku. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi. Nilijua unaivua tu. Nilimwambia kaka Dastan."

"Ulimwambia Dastan nini?"

"Kwamba vile vimstari si vya udhaifu. Kwamba huivai. Nikamwomba akueleze uwe unaivaa mchana."

"Lini hiyo?"

"Ilikuwa wakati wa palizi, bibi. Kwaresima haijaisha. Akasema niache, nisije nikakuchanganya, atakueleza mwenyewe." Violet aliinua macho, akaona sura ya bibi, na sauti ikampungua. "Hakukueleza?"

Wakati wa palizi. Kabla ya lile neno juu ya Rupert, kabla ya mavuno, kabla ya togwa, kabla ya yeye kusimama mbele ya watu na kusema nguvu zimeisha. Walburga aliirudia hesabu hiyo mara mbili, akitafuta mahali ambapo mwanawe angeweza kuwa hajui, na hakupaona. Kitu kilichomshika hakikuwa hasira mwanzoni. Ilikuwa aibu, aibu ya mtu aliyemshika bega na kumbembeleza yule aliyekuwa anamwibia.

Alimshukuru Violet, akamsindikiza mpaka getini kama ilivyo ada, kisha hakurudi kibarazani. Aliendelea na njia. Duka la Dastan halikuwa mbali, lakini goti lilimfanya apumzike njiani kwenye genge la mama mmoja muuza nyanya, ambaye alimwuliza kama anaumwa. Akasema hapana.

Dastan alikuwa peke yake, anapanga nondo. Alipomwona mama yake ameingia kwa miguu alishtuka, akamvutia kiti. Walburga hakukaa.

"Violet amekuja. Ameniambia habari ya mapengo."

Dastan alisimama na nondo mkononi. Angeweza kukana. Angeweza kusema alisahau, kazi zilikuwa nyingi, na ni siri ya Mungu kama mama yake asingemwamini, maana alikuwa anatamani sana kumwamini. Lakini akasema, "Mama, ningekueleza ungekubali kuacha shamba?"

"Nisingekubali."

"Basi."

Alilisema lile neno bila ukali, kama mtu anayemalizia hesabu. Kisha akaanza kueleza, na maneno yakawa mengi. Saa aliinunua kwa moyo safi, Mungu ni shahidi. Vimstari vilimtisha hata yeye. Violet alipomwambia, alikuwa tayari amezungumza na watu wa miche, na akajiambia hata kama si leo ni kesho, mama atachoka tu, afadhali achoke akiwa nyumbani kwake ana kiti na chai. "Nimekukosesha nini, mama? Unalala pazuri. Unakula."

"Saa haikusema habari za baba yako," Walburga alisema.

"Mama..."

"Vimstari ulinionyesha, sawa, mimi mjinga wa vimstari. Lakini baba yako hakuwa kwenye simu. Baba yako ulimtoa kinywani mwako mwenyewe, ukamleta, ukanitishia naye. Na ulikuwa unajua mimi mzima."

Dastan aliiweka nondo chini. Mteja mmoja aliingia kuulizia misumari, akaona nyuso, akatoka.

Kesho yake Walburga alipanda gari la Mpitimbi na mfuko wake mmoja. Domina alilia, na hakuelewa, na Walburga hakumweleza. Hilo alimwachia mwenye mke. Alifikia kwa Xaveri. Alisema anataka wale wale waliokunywa togwa wakutane tena, kwa sababu neno lililotolewa mbele ya watu linarudishwa mbele ya watu hao hao. Xaveri alisema hilo linawezekana, mradi sababu isemwe.

Wakakutana. Dastan alikuja, amevaa shati la kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na kila mtu pale alikuwa na mbegu za kupanda, kwa hiyo hakuna aliyezungusha maneno. Walburga alieleza habari ya saa yote, pamoja na kabati, na wazee wawili walicheka kidogo, na yeye akawaacha wacheke. Kisha Xaveri akauliza swali ambalo lilikuwa lazima aulize.

"Sasa, shemeji. Saa ni chombo. Sisi tunataka kujua, wewe ulidanganyika au ulidanganywa?"

Angeweza kusema alidanganyika. Neno hilo lilikuwa pale, rahisi, na lingerudisha shamba vile vile, maana makosa husamehewa. Wazee wangetikisa vichwa kwa ujinga wa bibi, na Dastan angeendelea kuwa Dastan wa duka la mabati anayemtunza mama yake. Alimwangalia. Dastan naye alimwangalia, na macho yake yalikuwa yanaomba. Yalikuwa macho ya mtoto yule yule aliyekuwa akivunja chungu na kukimbilia nyuma ya kanga yake. Mara zote zile alimficha.

"Nilidanganywa," alisema. "Na huyu. Alijua, akanyamaza, mpaka nikasimama hapa nikajizika mwenyewe mbele yenu. Nimemzaa mimi na leo namsema mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Xaveri alikohoa, akatazama mikono yake, akasema shamba linarudi kwa mwenye nguvu zake. Dastan hakupinga. Aliomba tu siku chache za kung'oa miche aliyokuwa ameanza kuipanda upande wa mtoni, akapewa.

Walburga alilima. Alichelewa kuliko wenzake wote na goti lililoharibiwa na kiti lilimsumbua kwenye kila tuta, mpaka jioni likawa limevimba kiasi kwamba alilikanda kwa maji ya chumvi akiwa ameuma meno. Darasani alirudi, na Violet alimwuliza mbele ya wote anaendeleaje, naye akaeleza goti lote, na hata mzee Tadei akamshauri dawa. Kwa Violet hakuwa na la kuficha.

Jumamosi Dastan alikuja na gari la mizigo kuchukua miche. Aling'oa mwenyewe, bila kibarua, akaipanga kwenye magunia yenye unyevu, shati limemganda mgongoni. Walburga alikuwa upande wa pili anafukia mbegu. Dastan alipomaliza alivuka matuta kwa uangalifu asikanyage, akasimama mbele yake na mikono michafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Macho yake yalishuka, yakaona jinsi mama yake alivyoegemea mpini, uzito wote upande mmoja. Uso wake ulibadilika. Na Walburga, aliyemjua tangu hajajua kusema, aliona kwamba safari hii wasiwasi ule ulikuwa wa kweli.

"Mama, unajisikiaje?"

Goti lilikuwa linapwita kama jino bovu. Zamani angelinyoosha pale pale, angesema, hebu niangalie hapa mwanangu, panauma hapa. Jibu lilifika mpaka kwenye ulimi. Akalitazama shamba, akamtazama mwanawe, akajiuliza huyu akishajua ninapoumwa atakwenda kulifanyia nini jambo hilo. Hakuwahi kujiuliza hivyo juu ya mtoto wake, tangu amzae.

"Sijambo," alisema. "Sina tatizo lolote."

Akauondoa mpini ardhini, akasimama kwa miguu yote miwili, na akabaki amesimama hivyo mpaka gari likaondoka.